Kutoka Rumonge Hadi Kasumo: Mlima Ambao Wapelelezi Hawakuupanda

Utangulizi

Wahenga walisema, milima haikutani, binadamu hukutana. Kwetu Rumonge mlima tunauona kila asubuhi tunapofungua mlango, lakini wengi wetu tunazeeka bila kuupanda. Mgongo tumeupa mlima, uso tumelipa ziwa. Ukimwuliza mtoto wa Rumonge dunia iko wapi, atakuonyesha maji: Kigoma kule kusini, Uvira kule kaskazini, Kongo pale ng'ambo. Mlimani, kwake, ni mahali mvua inapotoka.

Nilipochagua mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, nami nilikuwa mtoto huyo. Nilitaka kuandika historia ya wasemaji wa Kiswahili katika ufuko wa Tanganyika upande wa Burundi: mitumbwi, masoko, misikiti, mafuta ya mawese. Mwalimu wangu alisoma kurasa tatu za mwanzo, akaziweka mezani, akaniuliza: "Na mlima umeuweka wapi?" Sikuwa na jibu.

Insha hii ni jibu langu. Nitaeleza safari ya siku moja kwa gari, kutoka Rumonge kupitia Bururi hadi chemchemi ya Kasumo huko Rutovu, na nitaitumia safari hiyo kujadili hoja moja: kwamba ziwa na mlima ni historia moja, na kwamba kila aliyeitazama historia hii kutoka chini tu, au kutoka juu tu, alikosea. Nitaanza na umbile la nchi yenyewe, kisha nitawajadili waliopita chini bila kupanda, waliotaka kupanda kwa nguvu, na wale waliokuwa wakipanda siku zote bila kuandikwa.

Ziwa na mlima

Tuliondoka mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, katika Probox ya baba mdogo. Tulipaswa kuwa wawili. Asubuhi hiyo Bibi alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha sherehe na viatu, akasema, "Na mimi ninakwenda." Baba mdogo alinitazama, nami nikamtazama. Bibi hakuwa ameupanda mlima ule tangu mwaka 1972. Hakuna aliyesema neno. Nilihamia kiti cha nyuma, Bibi akakaa mbele.

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Bururi vinapita mita 2,000. Kwa mstari wa ndege, kati ya mji wa Rumonge na mji wa Bururi kuna kama kilomita 20 tu. Maana yake ni kwamba katika mwendo mfupi sana mtu anapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Warundi wameipa kila ngazi ya kupanda huku jina lake. Chini ni Imbo, tambarare ya joto, michikichi na mbu. Juu ya Imbo ni Mumirwa, miteremko mikali yenye mihogo, migomba na mibuni. Juu kabisa, upande wetu wa kusini, ni Bututsi, nchi ya baridi, nyasi na ng'ombe.

Majina hayo nilikuwa nimeyakariri shuleni. Garini niliyaelewa kwa mwili. Tulipoiacha michikichi, dirisha lilikuwa wazi na jasho lilikuwa likinitiririka. Baada ya kona nyingi masikio yakaziba. Baba mdogo alikuwa akibadilisha gia na kusema, kama anavyosema siku zote, kwamba gari ikipanda inakula mafuta na ikishuka inakula breki. Kwenye kona moja alisimamisha gari ili injini ipoe, tukashuka. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, kimya kama sahani, na milima ya Kongo imesimama ng'ambo. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa nukta tu. Nilikuwa nimeishi miaka 22 kando ya maji yale na sikuwahi kuona kwamba yana ukingo pande zote mbili.

Tulipokaribia Bururi, Bibi aliomba dirisha lifungwe. Misonobari na mikaratusi ilikuwa imeshika ukungu. Watoto wa njiani walikuwa wamevaa makoti.

Waliopita chini

Tukiitazama milima hii kutoka ziwani, tunaitazama kama walivyoitazama Wazungu wa kwanza kufika huku. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi wa pili mwaka 1858. Swali lao lilikuwa moja: je, mto Nile unaanzia wapi? Walikuwa wamesikia kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto Rusizi. Kama mto huo ungekuwa unatoka ziwani, basi Tanganyika huenda ikawa ndiyo mama wa Nile. Walikodi mitumbwi na wapiga makasia, wakapanda kaskazini hadi Uvira, wakafika huko mwezi wa nne. Hapo watoto watatu wa sultani Maruta waliwaambia wazi kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Wapiga makasia walikataa kuendelea mbele, na wapelelezi wakarudi bila kuuona mto wenyewe. Ugomvi wa Burton na Speke kuhusu chanzo cha Nile ulidumu hadi Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake mwezi wa tisa mwaka 1864, siku moja kabla ya mdahalo uliopangwa kati yao huko Bath, Uingereza.

Miaka 13 baada ya safari ile ya mitumbwi, swali lilikuwa bado lipo. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata ufuko wetu huu kuelekea kaskazini. Jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, lina majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Walifika kwenye mdomo wa Rusizi wakaona kwa macho yao kile ambacho watoto wa Maruta walikuwa wamekwisha kusema: mto unaingia. Livingstone aliendelea kutafuta Nile upande wa kusini, na alifariki mwaka 1873 bila kuipata.

Nawaomba wasomaji wafikirie jambo hili. Watu hao walipita mbele ya Rumonge wakiwa ndani ya mitumbwi. Upande wao wa kulia palikuwa na mlima. Nyuma ya mlima huo, umbali usiozidi kilomita 50 kwa mstari wa ndege kutoka Rumonge, kuna chemchemi ambayo maji yake yanakwenda Nile. Swali walilokuwa wakiuliza lilikuwa na jibu begani mwao. Hawakupanda.

Hata wamisionari walibaki chini. Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa hapo na watu wa chifu Bikari, na misheni ikafungwa. Misheni za kwanza zilizodumu Burundi, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, zilianzishwa na mapadri waliotokea upande wa mashariki, si kutoka ziwani.

Waliotaka kupanda kwa nguvu

Kwa nini mlima ulikuwa mgumu hivyo? Miteremko peke yake haitoshi kuwa sababu, kwa sababu wapelelezi hao hao walivuka jangwa na vinamasi. Sababu kubwa ni kwamba juu ya mlima palikuwa na dola. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi mwaka 1908, hakutaka wageni kutoka ziwani, na alikuwa na haki ya kutowataka.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatupendi kulisema. Wageni wa kwanza waliojaribu kupanda kwa nguvu hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu waliozungumza lugha hii ninayoiandika. Katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, aliufanya Ujiji kuwa makao yake, akaweka mawakala wake katika ufuko wa ziwa. Watu wake walitafuta pembe na watumwa. Walipojaribu kupanda ndani ya Burundi, majeshi ya mwami yaliwarudisha chini. Kwa hiyo ufuko ulikaliwa, lakini milima haikukaliwa. Kwa maelfu ya watu wa juu, mlima ulikuwa ngome iliyowaokoa wasifungwe minyororo.

Mapokeo ya Kirundi yanasimulia kwamba mwami alikatazwa kuliona ziwa Tanganyika kwa macho yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hekaya tu. Nikiwa Bururi, nimegeuka kutazama nilikotoka, niliona kwamba mwiko huo unaweza kusomwa pia kama siasa: chini kule kuna homa, kuna wageni wenye bunduki, na mwenye nchi asijishushe huko.

Nafikiri hapa pia ndipo neno "Muswahili" lilipopata kivuli chake. Hadi leo, mtu wa Rumonge akipanda juu, anaweza kuitwa Muswahili kwa maana ya mjanja, mtu asiyeaminika. Nimeitwa hivyo mimi mwenyewe nilipokuwa sekondari, na iliniuma. Sasa naelewa kwamba neno hilo lina kumbukumbu ndani yake. Kuelewa si kukubali, lakini mwanahistoria hawezi kulifuta jambo kwa sababu linamuuma.

Waliofaulu kupanda kwa nguvu walikuwa Wajerumani. Walijenga kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, na kutoka hapo askari wao, ambao wengi walizungumza Kiswahili, walipanda milima. Mwezi wa sita mwaka 1903, Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, walitaka barabara, na barabara nyingi za Urundi zilichimbwa kwa majembe na kazi ya lazima. Gari linapopanda kwa raha leo, linapita juu ya migongo ya watu.

Waliokuwa wakipanda siku zote

Hadi hapa ningekuwa nimeandika historia ya mlima kama ukuta. Bibi ndiye aliyenisahihisha, na hakujua kwamba ananisahihisha.

Tulipokuwa tumepita nusu ya Mumirwa, alimwambia baba mdogo apunguze mwendo. Alionyesha kwa kidole njia nyembamba iliyokuwa ikikata kona za barabara, ikipanda moja kwa moja. "Ile ndiyo yetu," alisema. "Barabara ni ya magari. Watu hupita pale."

Kisha akaanza kueleza. Alikuwa msichana mdogo miaka ya mwanzo ya uhuru. Mama yake alikuwa akibeba mafuta ya mawese na ndagala waliokaushwa, wanaondoka Rumonge usiku ili jua lisiwapate njiani. Alitaja mahali pa kutua mizigo, mahali pa kunywa maji, na mahali ambapo mtu wa Imbo huanza kusikia baridi na kujifunga nguo ya pili. Huko juu walibadilishana: mafuta kwa maharage, ndagala kwa njegere, na mara nyingine siagi. Walilala kwa rafiki wa mama yake, mwanamke wa mlimani ambaye naye alishuka Rumonge wakati wa njaa na kulala kwao. "Hakuwa ndugu," Bibi alisema, "lakini alikuwa ndugu."

Biashara hiyo ni ya zamani kuliko wapelelezi wote. Burton mwenyewe aliandika juu ya mafuta ya mawese, chumvi na samaki waliokuwa wakiuzwa Ujiji. Chumvi ya Uvinza ilisafiri kuzunguka ziwa na kupanda hadi Burundi. Chumvi haina miguu. Kama ilifika juu, basi kuna mtu aliyeibeba, na mtu huyo aliijua njia. Kwa maneno mengine, wakati Livingstone na Stanley wanapita chini wakiutazama mlima kama pazia, kuna wanawake waliokuwa wakiupanda na kuushuka kila msimu wa mavuno. Hakuna aliyewauliza maji ya huko juu yanakwenda wapi.

Mwaka 1972

Baada ya hapo Bibi alinyamaza mpaka Bururi, nami sikumuuliza kwa nini. Familia yetu inajua.

Tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulianza katika ukanda wetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Serikali ya Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, yaliyoendelea kwa miezi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021, bunge la Burundi liliyatambua mauaji hayo kuwa mauaji ya kimbari.

Kaka yake Bibi alikuwa amepanda mlimani wiki hiyo na mzigo wa mafuta. Hakurudi. Hatujui ni nani aliyemuua, wala ni mahali gani. Bibi na mama yake walivuka kwa mtumbwi usiku hadi Kigoma, wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Alirudi Rumonge mwaka 2009, akiwa na watoto waliozaliwa Tanzania na Kiswahili cha huko. Njia ya ziwa ilimwokoa. Njia ya mlima ilimchukua kaka yake. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo alikuwa akiketi barazani na mgongo ameuelekeza juu.

Naandika haya si kwa kutafuta huruma. Naandika kwa sababu katika rasimu yangu ya kwanza, ile ya kurasa tatu, mwaka 1972 ulikuwa na sentensi moja tu: "Wakazi wengi walikimbilia Tanzania kwa njia ya ziwa." Sentensi hiyo ni kweli. Lakini ni kweli ya chini tu. Haina mlima ndani yake, kwa hiyo haina kaka yake Bibi.

Kileleni

Kutoka Bururi tuliendelea hadi Rutovu. Kwa njia hiyo mtu anavuka mgongo unaogawa maji. Mvua ikianguka upande wa magharibi, inashuka kwa mito kama Dama na Murembwe hadi Tanganyika, kisha kwa Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Ikianguka upande wa mashariki, inaingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha ziwa Victoria, kisha Nile hadi Misri.

Mwaustria Oscar Baumann, aliyefika Burundi mwezi wa tisa mwaka 1892 na msafara wa wapagazi kutoka pwani, aliufuata Ruvubu na kutangaza kwamba ameona chanzo cha Nile. Yeye naye alitokea mashariki. Mwaka 1898 Richard Kandt alikiona chanzo kingine huko Rwanda. Kisha Mjerumani Burkhart Waldecker akafika Kasumo, chini ya mlima Gikizi, akasema kwamba hiki ndicho chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Mwaka 1938 ilijengwa piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima ili kukumbusha jambo hilo.

Tulipanda hadi kwenye piramidi, baba mdogo akimshika Bibi mkono. Kisha tukashuka kwenye chemchemi. Maji ni kidogo mno. Mtu angeweza kuyakinga yote kwa ndoo moja. Nilimweleza Bibi habari za Waldecker, kwamba ni yeye aliyekivumbua chanzo hicho. Bibi aliinama, akanawa uso, akauliza:

"Na huyo Mzungu, nani alimwonyesha?"

Nilifungua daftari langu. Nilikuwa na tarehe, majina, urefu wa mto. Jina la aliyemwonyesha sikuwa nalo.

Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mlima wa Rumonge ulikuwa ukuta na njia kwa wakati mmoja: ukuta kwa mwenye bunduki, njia kwa mwenye mzigo. Pili, wapelelezi walikosa jibu la swali lao kwa sababu walibaki majini na hawakuwauliza wapandaji. Tatu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kurudia kosa lao tukiandika historia ya ufuko kana kwamba inaishia michikichi inapoishia.

Mipaka ya kiutawala haitusaidii sana. Rumonge ilikuwa sehemu ya Bururi, ikawa mkoa wake yenyewe mwaka 2015, na kwa mgawanyo mpya wa mikoa mitano ulioanza kutumika mwaka 2025 imeingia Burunga pamoja na Bururi tena. Karatasi hubadilika. Udongo haubadiliki: mvua ikinyesha sana Bururi, maji ya ziwa mbele ya nyumba yetu hugeuka rangi ya matofali. Mwaka 2024 ziwa lilipofurika na kuingia katika nyumba za Rumonge, hatukuhitaji profesa kutuambia kwamba juu na chini ni kitu kimoja.

Nimebadilisha mada ya kazi yangu. Sasa nakusanya majina ya vituo vya kutulia mizigo katika njia ya miguu kati ya Rumonge na Bururi, kutoka kwa wazee wa pande zote mbili. Msimuliaji wangu wa kwanza amekwisha kunitajia saba. Wiki iliyopita nilimkuta barazani jioni, na kiti chake kilikuwa kimegeuzwa ubavu, upande mmoja ziwa, upande mmoja mlima. Aliniambia nilete daftari, amekumbuka cha nane.